Kashene, Faini na Uhuru wa Raia



Leo tunazungumza juu ya barakoa, ile tuliyozoea kuiita kashene. Najua wako watakaosema: jambo hilo limepita, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya Covid-19 imekwisha, kwa nini kulifufua? Ninalifufua kwa sababu ugonjwa ulipungua lakini hasira ilibaki. Kila tunapokaa na watu kuzungumza juu ya sheria, awe mama muuza sombe au dereva wa teksi-moto, hakosi mtu mmoja wa kusimama na kuuliza: «Pua ni yangu, mdomo ni wangu, serikali iliingilia nini?» Na tarehe 14 Agosti 2024, mpox ilipotangazwa kuwa dharura ya dunia na nchi yetu ikiwa ndiyo iliyoumizwa kuliko zote, ulizo lilelile lilirudi. Kipindupindu nacho hatukiwezi bado. Kule Bukama na Malemba Nkulu, kando ya mto Lualaba na maziwa yake, kinarudi mara kwa mara. Basi amri nyingine ya afya itakuja, leo au kesho. Tutaipokea kwa akili au kwa mawe? Hilo ndilo linalonifanya niketi mbele ya chombo hiki.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokwenda, maana watu wengi wanachanganya tarehe. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Machi Rais wa Jamhuri alitia saini amri nambari 20/014 iliyotangaza hali ya dharura ya afya. Siku hizohizo Lubumbashi ilifungwa saa 48 nzima, na ndugu zetu wa Kasumbalesa pia. Kinshasa ikatengwa na majimbo. Mwezi wa Aprili, gavana wa Kinshasa akafanya kashene kuwa lazima, na asiyevaa akatakiwa kutoa franga 5000. Majimbo mengine nayo yakafuata njia hiyo. Hali ya dharura iliongezwa siku 15 kwa siku 15 hadi tarehe 21 Julai 2020, kisha ikaisha. Shikeni tarehe hiyo ya 21 Julai, nitairudia.

Sasa tujibu ulizo la pua. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mtu unalindwa, na kwamba uhuru ndio kanuni, kufungwa ndiko kunakotokea kwa nadra. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kukaa anapotaka, kwa masharti yanayowekwa na sheria. Kwa hiyo yule anayesimama na kusema pua ni yangu hasemi upuuzi. Ana Katiba nyuma yake.

Lakini Katiba hiyohiyo, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa, na haki hiyo ni ya jirani yako pia. Fikiri juu ya shamba. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, wengi wetu tunachoma mashamba. Shamba ni lako, majani ni yako, kiberiti umenunua kwa makuta yako. Je, unaweza kuwasha moto siku ya upepo mkali bila kukata njia ya kuuzuia? Hapana, kwa sababu moto hausomi mipaka. Ukivuka na kula mihogo ya jirani, hakuna mtu kijijini atakayekubali useme kwamba shamba lilikuwa lako. Pumzi ya mtu mgonjwa ni kama moto huo. Ilitoka katika pua yako, ni kweli, lakini haikukaa katika pua yako. Na ugonjwa huu ulikuwa na hila yake: mtu aliweza kuutoa kwa mwingine kabla yeye mwenyewe hajasikia homa wala kukohoa. Ndiyo sababu waganga hawakusema wagonjwa peke yao wavae. Kashene ya kitambaa kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia matone ya mate ya yule aliyeivaa yasimfikie mwenzake. Uliivaa kwa ajili ya mama aliyeketi mbele yako kwenye gari, naye akaivaa kwa ajili yako.

Kwa hiyo mimi niliyesoma sheria nawaambieni waziwazi: serikali iliyo katika hatari ya ugonjwa ina haki ya kumwambia raia afunike mdomo wake sokoni. Amri ya namna hiyo peke yake haivunji uhuru. Ni ndogo, ni ya muda, na ina sababu ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa.

Basi kwa nini hasira? Hapa ndipo tunapotakiwa kutofautisha, maana malalamiko ni mawili na watu wanayafunga katika kitambaa kimoja. Liko lalamiko juu ya kashene, na liko lalamiko juu ya mkono wa yule aliyesimamia kashene. La kwanza nimelijibu. La pili ni zito zaidi, na viongozi wakilidharau watakuwa wamekosea.

Angalia ile faini. Franga 5000 wakati ule zilikuwa karibu dola 3. Kwa mtu mwenye mshahara ni kitu kidogo. Kwa mama anayeuza makala kwa vifungu vidogo, ni bukari ya nyumba nzima. Na kashene yenyewe nani alimpa? Uganda, mwezi wa Mei 2020, serikali iliahidi kugawa barakoa bure kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 6. Ugawaji wenyewe ulichelewa, sisemi Uganda walifanya ajabu, lakini angalau walielewa kwamba huwezi kumtoza mtu faini kwa kukosa kitu ambacho hana uwezo wa kukinunua. Kenya wao walichagua kuogopesha: faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6. Sheria ikiwa nzito kuliko mfuko wa raia, haifundishi kitu. Inampa tu askari mlango wa kujadiliana bei.

Na ndivyo ilivyokuwa. Sote tuliona kashene ikigeuka kuwa tiketi ya kupita kwenye kizuizi. Mtu anaivaa kidevuni kilomita nzima, akimwona askari anaipandisha, akimpita anaishusha. Watu walikuwa hawamwogopi tena virusi, wanamwogopa askari. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliongeza mashaka bila kutaka, kwa sababu mwanzoni halikuwashauri watu wazima wa afya kuvaa, na tarehe 5 Juni 2020 likabadili shauri na kusema wavae penye msongamano. Kubadili neno kwa kuwa umejifunza jambo jipya si uongo, ni njia ya elimu. Lakini kwetu hakuna aliyekuja kutueleza hivyo. Tulisikia tu jana hapana, leo ndiyo, na faini juu yake.

Kisha likatokea la Julai 2021. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Kinshasa alikuwa barabarani na wenzake wakipiga picha za video kwa ajili ya masomo yao. Polisi mmoja alimfuata kwa sababu hakuwa na kashene. Yakatokea maneno. Polisi akampiga risasi, kijana akafa. Msikilizaji, ulizo la sheria hapa halihitaji shahada: kitambaa kile kiliwekwa ili kulinda uhai. Yule aliyeua kwa jina la kitambaa alivunja jambo lilelile ambalo amri ilikuwa inalinda. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 juu ya Polisi ya Taifa inataka nguvu itumike tu palipo na lazima, na kwa kipimo cha hatari iliyopo. Mdomo usiofunikwa haupimwi kwa risasi.

Rudini sasa kwenye ile tarehe ya 21 Julai 2020 niliyowaomba mshike. Hali ya dharura ilikuwa imekwisha mwaka mzima kabla ya kijana yule kufa. Katika dharura, Katiba inaruhusu baadhi ya uhuru upunguzwe, kwa muda na kwa utaratibu. Wakati ule wako waliobishana kama Rais alitakiwa kupata kwanza ruhusa ya mabaraza mawili yaliyokutana pamoja. Mahakama ya Katiba iliamua mwezi wa Aprili 2020 kwamba amri yake inapatana na Katiba. Sawa. Lakini kizuizi kilichosimama juu ya dharura huanguka pamoja na dharura. Baada ya hapo, anayetaka kukulazimisha au kukutoza lazima aonyeshe andiko jingine lenye nguvu ya sheria. Na hata katikati ya dharura yenyewe, kifungu cha 61 kimeorodhesha mambo ambayo hayaguswi kamwe: uhai wa mtu, katazo la mateso na matendo ya ukatili, kanuni kwamba hakuna kosa wala adhabu bila sheria, haki ya kujitetea na kukata rufani, uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Hayo hayaguswi wakati wa vita, hayaguswi wakati wa ugonjwa. Kipigo cha fimbo mbele ya watoto kwa ajili ya kashene kiko ndani ya hayo yaliyokatazwa.

Ninataka kukaa kidogo kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Lualaba kuliko wengine, ambalo Kinshasa halikuzungumzwa sana. Huku kwetu uhuru haukupotea puani. Ulipotea kwenye lango la mgodi. Tangu mwezi wa Machi 2020 kampuni kadhaa kubwa za shaba na kobalti, Lualaba na Haut-Katanga, ziliwafungia wafanyakazi ndani ya maeneo ya kazi ili uchimbaji usisimame. Majuma yakawa miezi. Mume ndani, mke na watoto nje ya uzio, wanapeana habari kwa simu. Wafanyakazi walilalamika juu ya chakula, juu ya saa nyingi za kazi, juu ya mahali pa kulala palipojaa watu, na wengi walisema waliwekwa mbele ya chaguo moja gumu: ubaki ndani au upoteze kazi. Mwezi wa Juni 2020 mashirika 11, ya Kongo na ya kimataifa, yaliziandikia kampuni za madini juu ya jambo hilo.

Hapa kipimo cha sheria ni tofauti na kile cha kashene. Kufunika mdomo kwa saa moja sokoni ni mzigo mwepesi. Kumzuia mtu miezi asirudi kwake ni mzigo ambao hata serikali haiwezi kuuweka bila sheria na bila mwisho unaojulikana. Kampuni ya watu binafsi itautoa wapi uwezo huo? Watasema mfanyakazi alikubali. Lakini kukubali kwa mtu ambaye akikataa watoto wake hawatakula ni kukubali kwa namna gani? Tena walifungiwa wengi pamoja, wanalala pamoja, wanakula pamoja, na ugonjwa wenyewe unapenda hasa hayo. Shaba ilitoka kila siku. Mimi sikubali kwamba yote yale yalikuwa kwa ajili ya afya tu. Na nashangaa kwamba mtu anayekumbuka kwa uchungu franga 5000 za kashene, mara nyingi ameisahau miezi ile ya lango.

Kuna pia kumbukumbu ya zamani ambayo vijana hawaijui lakini wazee wanayo mwilini. Wakati wa Wabelgiji, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, Mwafrika katika sehemu nyingi za nchi alitakiwa kuwa na karatasi ya daktari ndipo aruhusiwe kusafiri, na waliokutwa wagonjwa walipelekwa kwa nguvu katika lazareti ambazo watu waliziona kama magereza. Malale ilikuwa inaua kweli. Dawa zilikuwa dawa kweli. Lakini aliyeleta dawa ndiye aliyeleta fimbo na kodi, na watu hawakuweza kuvitenganisha. Ndiyo maana mpaka leo, mtu wa serikali akija na neno afya, wako wanaotazama kwanza nyuma yake kuona ameficha nini.

Na tusidhani hayo ni ya ukoloni peke yake. Tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, sababu ikiwa Ebola na usalama. Kura yao ikasukumwa hadi Machi 2019, na Rais mpya alikuwa amekwisha kula kiapo tarehe 24 Januari. Watu wa huko walisema: sokoni tunaruhusiwa kukutana, kanisani tunaruhusiwa, kwenye kura ndipo Ebola inapotuona? Kesho yake tu, waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Ebola ile ilichukua watu zaidi ya 2200 kabla ya kuisha Juni 2020. Siwezi kuhesabu wangapi kati yao walikufa kwa kuwa walimkimbia mganga. Lakini ninyi mnaona njia: amri ya afya inaponusa siasa, raia hamwachi mwanasiasa peke yake, anamwacha na muuguzi.

Kwa hiyo ninaposema amani katika mazungumzo haya, sisemi tu watu wanyamaze. Nataka raia ajue kukubali kilicho cha haki na kukataa kisicho cha haki bila kurusha jiwe.

Siku utakaposimamishwa kwenye kizuizi kwa jambo la afya, iwe kashene, iwe cheti cha chanjo, iwe kunawa mikono, kama amri ipo na kitu chenyewe unacho, kitumie. Usibishane juu ya kitambaa. Nguvu zako ziweke kwenye mambo mengine. Msalimie askari kwanza. Wengi wao ni vijana wetu, wana mishahara midogo na wamesimama juani tangu asubuhi. Kisha muulize kwa upole: baba, amri hii ni ipi, imetiwa saini na nani? Akikudai faini, jua kwamba si kila mwenye sare anaweza kuipokea. Sheria yetu ya mashtaka ya jinai ya mwaka 1959 inampa OPJ, yaani ofisa wa polisi ya mahakama, uwezo wa kumwalika mkosaji alipe pesa kwa kosa dogo ili jambo liishe, lakini pesa hizo zinaingia katika hazina ya serikali. Zikienda hazina, iko risiti. Pasipo risiti, hiyo si faini, na wote wawili mnajua inaitwaje. Ukikamatwa, kifungu cha 18 kinataka uambiwe sababu papo hapo, kwa lugha unayoielewa. Kiswahili ni lugha, huna lazima ya kukubali karatasi ya Kifaransa ambayo hukusomewa. Una haki ya kuwasiliana na watu wako au mwanasheria wako mara moja. Na mahabusu ya polisi haipiti saa 48. Baada ya hapo uachiwe au upelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kama umepigwa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uandikiwe. Polisi wa Kongo wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, kwa hiyo shtaka dhidi ya askari linapelekwa kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi. Wengi wanazunguka parke ya kawaida miezi, kisha wanakata tamaa bure.

Ninyi askari mnaonisikia, na najua mko, kifungu cha 28 ni chenu: hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Mkubwa akikuambia ulete kiasi fulani cha pesa jioni kutoka barabarani, amri hiyo haikufungi.

Liko jambo moja ambalo watu wetu hawalitumii, nalo lina nguvu kuliko kufunga barabara kwa matairi. Ni kifungu cha 27. Kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kuiandikia mamlaka ya umma ombi lake, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Hakuna anayeweza kushtakiwa kwa namna yoyote kwa kuwa ameandika. Soko zima linaweza kuandika. Wake wa wafanyakazi waliofungiwa mgodini wangeweza kuandika. Mwandikieni msimamizi wa teritware hapa Lubudi, nakala kwa gavana na kwa bunge la jimbo Kolwezi. Elezeni siku, mahali na jambo lililotendeka, bila matusi, na semeni mnataka nini: bei ya faini ibandikwe ukutani, risiti zitolewe, kashene zigawiwe bure kabla ya kuadhibu. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Pelekeni barua wawili au watatu, si mtu mmoja, na msiondoke mlangoni mpaka nakala yenu imetiwa muhuri na tarehe ya kupokelewa, kwa sababu miezi 3 inaanza kuhesabiwa hapo.